Ilinca Hotea, Aliyepeleka Brussels Maneno ya Wachungaji

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka kumi na saba katika kituo chetu cha habari za Umoja wa Ulaya hapa mkoani Maramureș, Ilinca Hotea anastaafu. Alitoka maktaba ya mji akaja kwetu mwaka ule ule nchi yetu ilipojiunga na Umoja.

Hatujawahi kumwona akizungumza kwa simu ameketi; hutembea huku na huko chumbani. Jirani wa ghorofa ya chini alipanda mara mbili kuuliza ni samani gani tunazozihamisha kila siku.

Miaka minne ya mwanzo alizunguka vijijini akieleza sheria mpya, na watu wakampigia makofi ya adabu. Kisha ikaja rasimu ya kanuni iliyotaka jibini yote itengenezwe katika vyombo vya chuma, si katika ndoo za mbao za wachungaji. Alipomaliza kuieleza katika ukumbi wa kijiji cha Valea Scradei, mchungaji wa kondoo Gavrilă Tomoiagă akasimama.

"Mama Ilinca, kila siku unatuletea maneno ya huko. Ya kwetu utayapeleka lini?"

Ilinca alirudi mjini bila koti; alilisahau kitini.

Kesho yake akaanza kupanda milimani. Kwa siku tisa alikwenda zizi hadi zizi, akiandika kila neno kama lilivyotamkwa, matusi yakiwemo. Mkuu wetu wa wakati ule alimsihi ayasafishe.

"Nikiyasafisha hayatakuwa yao tena," akasema, na kurasa mia moja na arobaini zikaenda Brussels vivyo hivyo.

Miezi mitano, kimya. Kila asubuhi alifungua barua pepe kabla hajavua kofia. Sokoni wakamtania: "Vipi mama, Brussels bado wanatafuta miwani?"

Mwaliko wa Brussels ulipofika, alikwenda na Gavrilă. Walipewa dakika tatu mbele ya kamati. Mjumbe mmoja akauliza ndoo ya mbao inasafishwaje, naye Gavrilă akaonyesha kwa mikono: maji ya moto, brashi, jua. Hata mkalimani alinyoosha shingo kumtazama. Kanuni ikarekebishwa, ndoo za mbao zikaruhusiwa katika mazizi yaliyosajiliwa.

Sisi tukashangilia. Ilinca alikuwa anawaza mazizi kumi na mawili yasiyo na usajili. Alikwenda kwa wenyewe, mmoja mmoja. Bibi Varvara Ștețca alimwambia mlangoni, "Umewapigania wenye karatasi," akafunga mlango. Wiki iliyofuata Ilinca akarudi na fomu. Na iliyofuata. Wanane walijisajili. Wanne waliuza kondoo wao, bibi Varvara akiwa mmojawapo, na kila ripoti iliyosifu ushindi ule Ilinca aliirudisha mpaka wanne hao watajwe.

Jumatatu ijayo kuna mkutano wa kijiji kuhusu misitu, na anayekwenda ni mimi. Nilimwomba hotuba yake. Akanipa daftari tupu.

"Ongea kidogo, mwanangu, halafu andika. Wakikukasirikia, usiondoke."

Asante, mama Ilinca. Ustaafu wako uwe na afya, na njia ndefu za kutembea, na watu wazuri wa kubishana nao.