Vipimo vya Deraya ya Anko Gerishon

Leo ni Ijumaa, tarehe kumi na sita Mei, na nimemwahidi mama kwamba nikisimama hapa nitasema yote, hata yale yanayonifedhehesha.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa umoja wetu hapa Doha, Bwana Mwaura, Mchungaji Athanas, wazazi wetu mliotoka zamu Lusail na Al Wakrah mkaja moja kwa moja na sare zenu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Anko Gerishon, mlinzi wa lango letu kwa miaka sita, ambaye keshokutwa unarudi Wundanyi: hamjambo nyote.

Mimi ni Kendi, binti wa Damaris, muuguzi. Mwezi wa Oktoba niliamua kutengeneza deraya, vazi la vita la Kijapani, kwa ajili ya maonyesho ya shule. Nilikuwa sijawahi kushona hata kifungo. Nilikata maboksi nikapata vibamba mia tatu, nikavipaka rangi nyeusi, nikavibandika kwa gundi, kisha nikaviacha ndani ya gari mchana mmoja tu. Nani hapa hajui gari la Doha lilivyo mchana? Niliporudi, vazi langu lilikuwa rundo la vibamba kitini.

Anko alinikuta nikilia langoni. “Kendi, hapa joto ndiye mwenye nyumba,” aliniambia. “Gundi ni mpangaji tu. Funga kwa kamba.”

Akanifundisha fundo ambalo mama yake hufungia vikapu vya mkonge, na jinsi ya kuiacha kila safu ining'inie kwenye safu ya juu yake, ili vazi lipinde pamoja na mwili. Kwa kuwa nilihitaji kifua cha mtu mzima, alikubali nimpime. Kila Ijumaa, saa yake ya mapumziko, aliivaa deraya juu ya sare yake na kuwadai wapitao kitambulisho. Wengi wenu mlicheka. Mimi niliandika vipimo daftarini.

Desemba, kifua kilikuwa sentimita mia moja na nne. Februari, tisini na tisa. Machi, tisini na tano. Deraya ilimpwaya, naye akanitania kwamba kazi yangu inaumuka kama mandazi. Nilimwamini. Nililaumu mikono yangu ya mwanagenzi, nikafumua ubavu mzima na kuufunga upya, mara nne. Ndugu zangu, ni mwanafunzi gani wa hesabu aonaye namba zikishuka hivyo, akailaumu kamba?

Mwezi uliopita mama alilifungua daftari lile akitafuta ukurasa mtupu. Akauliza, “Kendi, hivi ni vipimo vya mtu mmoja?” Kabla sijajibu alikuwa ameshavaa viatu, akashuka langoni kumpeleka Anko hospitali.

Anko alijua tangu Desemba kwamba anaumwa. Alificha, kwa sababu mlinzi mgonjwa haongezewi mkataba. Sasa madaktari wameuona ugonjwa, na kampuni imempa tiketi ya kurudi nyumbani. Aliniuliza mara moja tu, “Daftari lilitoka kwako?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Sawa,” akarudi kwenye kiti chake. Ni wiki tatu sasa, na tangu siku hiyo tumeishia kwenye salamu.

Wengine wamemsifu leo kwa kutubebea mizigo yetu. Mimi namsifu kwa zile mara nne: alikaa nami akafumua kosa ambalo halikuwa kosa langu, wala hakuniambia nimemchosha.

Deraya ni hii hapa mezani. Haikufika kwenye maonyesho. Imebaki safu moja ya ubavu wa kushoto, na kamba yake sijaikata. Nimeacha mita nzima, ili iweze kulegezwa tena.

Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu, nawe Anko kwa fundo la mama yako. Katika mfuko wa begi lako nimetia utepe wangu wa kupimia. Ukishaonwa na daktari huko nyumbani, na ukishaanza kula vizuri, jizungushie, kisha unijibu siku hiyohiyo: kifua ni sentimita ngapi?