Kitambaa Cheupe cha Chumba cha Moshi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa chumba chetu cha kupimia moshi wa magari anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Ofisini ana jina lake refu na namba yake ya kazi, lakini tukianza kumwita hivyo leo hata yeye mwenyewe hatageuka. Kiwanda kizima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi mkuu, kinamwita Bi Kitambaa. Kwa kuwa ukumbini tuna wageni na wajukuu, naomba nieleze jina hilo lilikotoka.

Chumba cha moshi kiko nyuma ya karakana ya rangi. Gari huingizwa, magurudumu yake hukaa juu ya rola, dereva hukanyaga mafuta, na gari hukimbia mwendo wa barabara kuu bila kusogea hata hatua moja. Nyuma yake mpira mnene huchomekwa kwenye bomba la moshi na kupeleka hewa chafu kwenye mashine, nayo mashine hutoa tarakimu. Kazi yote hiyo ni kutaka kujua gari letu linawapulizia nini watu wanaolifuata barabarani.

Alipoajiriwa, mhandisi kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo havikumaliza wiki, aligundua kwamba tarakimu zile hazimkoseshi mtu usingizi. Alizipeleka mkutanoni, wakuu wakatikisa vichwa kwa adabu, wakarudi kwenye chai yao. Mkutano uliofuata alikuja na kipande cha kitambaa. Kilikuwa cheupe kabla hajakifunga kwenye mdomo wa bomba na kuwasha injini. Alipokitandaza mezani, katikati ya vikombe, kilikuwa cheusi tititi. Mkurugenzi wa mauzo wa wakati huo alisukuma kikombe chake pembeni na hakukigusa tena.

Tangu hapo hakuna gari la majaribio lililotoka chumbani mwake bila kufungwa kitambaa. Tuseme kweli, kama anavyopenda yeye: kitambaa hakioni kila kitu. Zipo gesi zenye sumu zisizoacha alama yoyote, na hizo ni za mashine. "Mashine inaongea na mimi," alizoea kutuambia. "Kitambaa kinaongea na kila mtu."

Vitambaa vyenyewe vilitoka kwa mumewe, fundi cherehani, aliyekuwa akimwekea mabaki ya mashati ya shule. Kwa njia hiyo fundi akawa mtu wa kwanza nje ya geti kujua utafiti wetu unakwendaje. Tulipobadilisha namna mafuta yanavyopulizwa ndani ya injini, furushi la mabaki likapungua. Tulipofunga chujio la moshi, kitambaa kimoja kikawa kinatosha magari mawili matatu. Kisha ukaja mwaka tuliokosea chujio, furushi likavimba upya, na fundi akamuuliza mkewe wakiwa mezani, "Hivi mama watoto, huko mnatengeneza magari au mnachoma mkaa?"

Lakini siku ambayo wazee wa kiwanda hatuwezi kuisahau ni ya gari la mikate.

Mauzo yalikuwa yameanguka, na kampuni ikikaza mkanda, tundu jipya hutobolewa kwanza kwenye utafiti. Sababu yake si ngumu: utafiti hula leo, na matunda yake huonekana baada ya miaka. Wakati huo tulikuwa na mradi wa gari dogo la kusambazia mikate, linaloendeshwa kwa betri. Tulikuwa na gari moja tu la mfano, betri zake zilichemka kama birika, na hela lilizokwisha kumeza hazikuwa za kutajwa mbele ya mhasibu. Kamati ya bodi ikapanga kuja kuliangalia. Kila mtu alijua wanakuja kulizika.

Mtetezi wake mkubwa alikuwa Bi Kitambaa, jambo lililowashangaza wengi. Gari lisilotoa moshi lina shida gani na chumba cha moshi?

"Dada, unajichimbia kaburi mwenyewe," mhasibu alimwambia.

"Wewe unakaa karibu na stendi ya mabasi, kaka," akamjibu. "Kikohozi chako nakisikia mpaka huku."

Siku ikafika. Wanakamati wakajipanga ukutani. Gari la mikate likaingia kimya kiasi kwamba mjumbe mmoja alishtuka kuliona ubavuni mwake. Likapanda rola, likakimbia, betri zikatulia kama zimeonywa. Hapo ndipo mazoea yalipoingia. Bi Kitambaa alichomoa kitambaa mfukoni, akaenda nyuma ya gari, akainama kukifunga. Fundi wake mkuu, kwa mazoea yale yale, akaburuta mpira mnene na kusimama nyuma yake akingoja. Bi Kitambaa akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akapiga magoti, akachungulia uvunguni.

Mwenyekiti wa bodi, mzee asiyecheka ovyo, akauliza, "Mama, unatafuta nini huko chini?"

Bi Kitambaa akainuka taratibu, akajipangusa magoti. "Natafuta kazi yangu, mzee. Naona haipo."

Mwenyekiti alicheka hadi akaomba kiti. Kisha, akiwa bado anajifuta machozi, akakiomba kile kitambaa, akakigeuza huku na huku. "Jamani," akawaambia wenzake, "huyu anatuomba hela za kukifuta chumba chake mwenyewe. Mimi hoja nyingine siihitaji."

Tusitie chumvi: bajeti ilikatwa nusu. Ila mradi haukufungwa, na nusu iliyobaki ilinyooshwa kama unga wa chapati. Tulitumia mabodi ya magari ya zamani, na Bi Kitambaa akatoa mafundi wake wawili bila kuombwa. Leo magari yale yanasambaza mikate kila asubuhi, na lalamiko kubwa tunalopokea ni kwamba wenye maduka hawasikii tena mkate ukifika.

Vijana walipoanza kujisifu kwamba tumeua moshi, aliwauliza umeme wa kujaza betri unatoka wapi. "Msije mkauhamisha moshi hapa mkaupeleka kwa jirani," akawaonya. Ndiyo maana nusu ya chumba chake sasa inapima betri, na nusu nyingine bado ina rola, mpira na magari ya mafuta, kila mwaka yakiwa safi kuliko ya mwaka uliotangulia. Kazi yake haikupotea. Ilikua tu, na anaiacha mikononi mwa yule fundi aliyeburuta mpira.

Tunamshukuru mumewe na wanawe waliotuazima mama yao miaka yote hii. Fundi cherehani aliposikia mkewe anastaafu, alileta furushi la mwisho la mabaki, kubwa kuliko la mwaka wa chujio bovu. Hatukuwa na gari chafu la kulimalizia. Tukamwomba ayaunganishe, na matokeo yake ni hivi vitambaa vya meza mlivyoviona mlipoketi.

Bi Kitambaa, nenda ukapumzike, uvute hewa uliyoipigania na ulale hadi jua likuchoke. Safari hii kitambaa chako kimetandazwa katikati ya vikombe kikiwa cheupe, wala hakuna atakayesukuma chai yake pembeni.