Maharage ya Mama Agnesi na Chuo cha Sheria

Mheshimiwa Diwani, Padre wetu, Mwenyekiti wa mtaa, walimu wa Agnesi, wazee ambao shikamoo zangu mlizipokea pale mlangoni, na ninyi ndugu wageni waalikwa mliojaa ua huu wa Mzee Yusto: salamu kwenu nyote, na poleni kwa baridi.

Najua mnajiuliza. Masunga, Msukuma wa ng'ombe, anatafuta nini mbele ya sherehe ya Wafipa? Nimeombwa na Mama Agnesi, na ninyi mnamjua Mama Agnesi: akikuomba, umeshakubali.

Binti yetu Agnesi amepata nafasi katika chuo cha sheria ambacho vijana wa nchi nzima wanakigombania, na wengi wenye alama nzuri wamerudishwa. Kesho asubuhi basi linaondoka. Lakini begi lake bado liko chumbani, halijafungwa, kwa sababu amesema hapandi basi bila baraka za baba yake, na baba yake, Mzee Yusto, mpaka saa hii hajazitoa. Nalisema wazi kwa sababu hapa hakuna asiyelijua.

Chanzo chake ni maharage. Mwaka jana, baada ya kuvuna mahindi, Mzee Yusto alinikaribisha kama tunavyokaribishana siku zote: leta ng'ombe wale mabua, waniachie mbolea. Akasahau jambo moja dogo, kwamba mkewe alikuwa amepanda maharage kule chini bondeni. Jamani, ng'ombe atajuaje kwamba mabua ameitiwa na maharage hajaitiwa?

Tukafika kwa Mwenyekiti. Mzee Yusto akasema nimemvamia, na kila mtu akamwamini, kwani lini mfugaji amewahi kuaminiwa kwenye kesi ya shamba? Ndipo akasimama Agnesi, ametoka shule juzi tu, akasema, "Baba, nisamehe. Nilikuwa nakuletea maji nikakusikia ukimkaribisha." Nikaanza kutabasamu. Akanigeukia: "Na wewe Baba Masunga usicheke. Mchungaji wako aliyaona maharage, mbona hakuwatoa ng'ombe?" Tabasamu likaniisha. Kufidia maharage, nilimpelekea Mama Agnesi maziwa mpaka akachoka kuyapokea.

Mimi na Mzee Yusto tulipatana. Aliyebaki na kesi ni binti. Mzee alisema, "Kama sheria ni kumwaibisha mzazi mbele ya watu, akaisome, lakini asiniombe baraka."

Sasa nakuomba unisikilize, Mzee Yusto, kwa sababu hili hujaambiwa. Siku ya usaili, walimu wa chuo walimhoji Agnesi kwa simu, na yeye akaja kuufanyia sebuleni kwangu, spika ya simu imefunguliwa. Mimi na mke wangu tulijibanza jikoni, hata kuku tuliwafukuza wasipige kelele. Wakamwambia aeleze ugomvi mmoja alioushuhudia. Akaeleza huu wetu, mabua, maharage na yote. Mwalimu mmoja akamuuliza, sauti kavu kabisa: "Ukisema ukweli dhidi ya baba yako, jioni unakula wapi?"

Mke wangu akanifinya mkono. Agnesi akajibu, "Nilikula nyumbani. Baba alikasirika, hakunisemesha, lakini chakula changu alikitenga mwenyewe. Na katika hasira yake yote hakuniambia hata mara moja kwamba nilisema uongo. Mtu wa kwanza niliyemwona akiuheshimu ukweli unaomuumiza ni yeye."

Ndugu zangu, mimi nililia jikoni kwangu, na sioni haya kusema. Nina watoto wengi, na sijui kama yupo mmoja atakayenisema hivyo nikiwa sipo. Mzee Yusto, unadhani aliyempeleka chuoni ni nani? Walimu wamefanya kazi kubwa, Mungu awabariki, lakini jibu lililomwingiza alilipata kwenye sahani uliyomtengea wewe.

Sina la kukufundisha, wewe ni mkubwa wangu. Naomba tu.

Naona unavua kofia. Naona unainuka. Agnesi, mwanangu, njoo upige magoti, baba yako anakuja. Padre, tusogee kidogo tuwapishe.

Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu. Mimi nakaa.