Kaseti Iliyogoma Kusonga

Apa kwamba halitoki hapa. Umeapa? Basi keti, maana Temeke nzima wanalo, umebaki wewe tu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa mpaka milangoni. Kando ya benchi la kahawa, Bi Chausiku alikuwa kwenye cherehani yake akipunguza suruali ya jinzi, masikio yote kwa Gervas, mpishi wa mzungu. Gervas kaja anatoka jasho. Kachukua kaseti ya bosi bila ruhusa, bosi yuko Arusha, kesho anarudi, na kaseti imeanza kurudia pale pale. Kibarua kinaota nyasi.

Marijani, fundi redio, akabonyeza. Vinanda vikaanza: tiri-tiri, tiri-tiri.

— Dakika kumi wako hapo hapo! akalalamika Marijani. Mwanzo wa ngoma ni lele, hawa wana lele tu.

— Bosi anasema ilikuwa albamu ya rock, Gervas akaeleza. Ya vijana wa magitaa. Bwana mmoja kaigeuza ya okestra nzima.

— Mtumba huo! akadakia Bi Chausiku. Jinzi ya mtu kaigeuza gauni.

— Mie nawajua hao, akasema Nassibu, ambaye benchi lilimwita Waziri kwa kuwa hakuwa na kazi. Wanasubiri kutunzwa. Kama taarabu: asipoinuka mtu na noti, vinanda vinazunguka tu.

— Atawatunza nani humo ndani ya kaseti? akauliza Marijani.

— Basi ni pepo. Pepo la kizungu, linazunguka likitafuta kiti, mtu wa kumpanda.

— Jamani, mie nina watoto wanne! akalia Gervas.

Bi Chausiku akaona wanaume wanamaliza kahawa bure. Akachukua wembe.

— Lete. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Mama, utaniua!

— Nyamaza, mwanangu. Tunatoa panaporudia tu.

Akavuta utepe dhiraa nzima, akakata. Marijani akaunga kwa selotepu, akabonyeza. Tiri-tiri, yale yale.

— Kata tena!

Akakata tena. Mara ya tatu, ndiyo kwanza utepe umemkatikia mkononi, gari jeupe likasimama. Mzungu karudi siku moja kabla, kaja kumtafuta mpishi wake. Akaliona kasha la kaseti juu ya benchi, uso ukachanua.

— Gervas! Kumbe unaipenda! Shikamooni wazee. Mmefika pale vinanda vinapopanda?

Macho yote yalikuwa kwa Bi Chausiku: wembe mkono wa kulia, na wa kushoto, pale vinanda vinapopanda, dhiraa tatu za utepe, panapepea.