Gitare Yenye Mikro ya Nsimire

Sogeeni, wanangu, Gentil upande huu na Joviale upande ule, na wewe Mapendo, mke wa mwanangu, niongezee mto mgongoni, maana maneno ya leo sitaki kuyasema nimelala. Daktari amenikataza kusisimka. Atanisamehe! Ninyi wawili mmeketi chumba kimoja, nami nina habari ambayo nimeifurahia peke yangu miaka mingi.

Nyumba hii ya Kasha ni yenu wote, isiuzwe. Shamba la mpunga la Luberizi mwachieni shangazi yenu Rosalie, ndiye aliyelilima wakati mimi nazunguka na orchestre yetu, kupiga muziki. Hayo yamekwisha. Sasa gitare.

Najua kilichowatenganisha tangu Pasaka. Joviale, wewe unaipiga kwenye misa, na kila umeme ukirudi inavuma hadi padri anakatiza mahubiri. Ukataka kung'oa zile mikro mbili zilizo chini ya nyuzi, zinazoshika sauti, uweke mpya zilizotulia. Gentil ukamwambia, "Dada, hii iko original. Ukiigusa, umemuua Papa," ukaifungia kabatini na kwenda na ufunguo kazini kwako Lwiro. Niliwasikia nyuma ya mlango huu mkitukanana, na pumzi ya kuwaita sikuwa nayo.

Original ipi, mwanangu? Ninyi hamjazaliwa bado, mvua ilipita batini tulipokuwa tunapanga nyumba Kadutu, maji yakaingia ndani ya gitare, uzi wa shaba wa mikro ya karibu na shingo ukaoza, ukakatika. Kimya! Nikalia, mwanaume mzima mwenye ndevu. Mama yenu Nsimire, Mungu amrehemu, alikuwa anashona, akaitazama ile mikro, akacheka: "Anaclet, unalilia nini? Iko bobine tu. Miye kila siku niko najaza bobine ya cherehani." Akatoa uzi wa shaba, mwembamba kuliko unywele, kwenye redio iliyokufa, akaifunga mikro pale cherehani inapojazia uzi, akazungusha gurudumu kwa mkono. Ukakatika. Akaanza upya. Ukakatika tena, akaanza upya huku anaimba, na mimi nimeushika kwa vidole viwili, naogopa hata kupumua.

Tulipoichomeka, ee wanangu! Ilitoka sauti tamu yenye mchanga kidogo, kama mtu anayeimba baada ya kulia. Wapiga gitare walinifuata mpaka nyumbani kuuliza nimeinunua Ulaya gani. Ndiyo sauti hiyo, Gentil, unayoilinda. Ni mkono wa mama yako.

Unalia, au unacheka? Vyote ni halali. Mpe dada yako ufunguo. Mpe sasa hivi, nione.

Basi nasema hivi, na Mapendo awe shahidi. Gitare ni ya Joviale, kwa sababu ndiye anayeipiga. Ile mikro nyingine, iliyo mbali na shingo, aitoe leo, aweke mpya, misa ipate utulivu. Na hiyo itakayotoka ichukue wewe, Gentil, kwa kuwa ndiyo pekee iliyobaki ya kiwandani, na wewe uliipenda gitare hii kwa moyo safi. Ya mama yenu ibaki mpaka itakaponyamaza yenyewe. Siku hiyo msiivalie nguo nyeusi. Gentil azungushe cherehani, Joviale ashike uzi, mtengeneze yenu, na ikitoka na sauti nyingine, ishangilieni.

Misa yangu isiwe ndefu. Mnizike na rozari tu.

Ilete, Joviale. Ichomeke... Unasikia inavyovuma? Acha ivume. Gentil, mshike dada yako bega. Mungu aliyenipa ninyi awape mikono isiyoogopa... na nyumba isiyokosa kicheko... Wajukuu wangu nawabariki wote, hata wasiozaliwa...

Piga, mama. Polepole... Hapo. Hapo hapo!

Ongeza sauti... Ongeza.