Shikamoo Iliyosimamisha Sinema

Mie ndiye muuza kahawa wa hapo, kwa hiyo mtu asinisimulie habari za kijiwe chetu kama hajawahi kukikalia. Kipo Temeke, mtaa wa pili nyuma ya soko, ubavuni mwa duka la kanda za video la Kutbuddin. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umelainika kwa makalio ya watu wazima wasio na haraka. Mie nina birika, jiko la mkaa, vikombe kumi na viwili, na kashata anazopika mke wangu. Jina langu Suhaib, ila hapo naitwa Moto Chini, eti nikikasirika hata jiko linawaka. Uongo mtupu. Sikasirikagi mie, naudhiwa tu, na siku hiyo ya mwaka tisini na tatu waliniudhi tangu adhuhuri.

Sababu ni kanda. Kutbuddin alikuwa amepata "Wapangaji Tisa" mpya, iliyosafishwa. Kwa asiyeijua: hiyo ni sinema ya kuchekesha, wapangaji tisa, nyumba moja, choo kimoja. Ilipigwa mwaka sabini na tatu, tena hapa hapa mtaani kwetu, na nyumba yenyewe bado ipo, siku hizi imepakwa rangi ya kijani. Sie wote tunaijua kwa moyo. Lakini kanda tulizozoea zilikuwa zimechoka, mistari kama mvua ya masika, sauti kama mtu anaongea ndani ya mtungi, na vipande vingine havipo kabisa. Maana zamani sinema ikichanika, mwonyeshaji alikata pale palipoharibika, akagundisha, kazi ikaendelea. Sasa mwonyeshaji mmoja mstaafu alikuwa ametunza vile vipande kwenye kopo la biskuti miaka yote, na waliosafisha wakavirudisha mahali pake.

Na hapo ndipo ilipo habari ya Marijani, kuli mstaafu wa bandarini. Kwa miaka ishirini Marijani amesema yeye yumo kwenye sinema ile. Anasema walimwomba ajaze foleni ya choo, akasimama mwisho na ndoo yake. Wapangaji wakawa wanagombana, kamera inazunguka, mara bibi mmoja wa mtaani akakatiza uani akirudi kwake, wala hana habari na sinema. Marijani akamwamkia. Na waigizaji wote wakaacha ugomvi wakamwamkia. Ndivyo asemavyo. Ila kwenye kanda zote tulizoziona, ugomvi ule ulikuwa unaruka: ndoo iko juu, ghafla iko chini. Bibi hayupo, Marijani hayupo. Kwa hiyo nikampa jina la Staa, na sikumpa kwa wema.

Siku hiyo Staa alifika na shati lililopigwa pasi mpaka likawa na kona. Kutbuddin alisema saa kumi kamili ataweka televisheni kwenye kaunta, itazame benchi. Ilikuwa saa tisa.

Profesa (huyu ni Kasimiri, karani wa shule, mtu wa Mahenge, anasomaga gazeti mpaka matangazo ya vifo): Mnajua wanavyosafisha? Wanaiweka kwenye dawa siku saba.

Breki (huyu ni Talha, fundi magari, mzaliwa wa hapa): Dawa gani?

Profesa: Ya picha, bwana! Ile ile ya studio, ila imekozwa. Uchafu unaachia wenyewe.

Breki: Piga breki hapo. Ukiloweka picha siku saba, hata watu si wataachia?

Profesa: Ndiyo maana anatakiwa mtaalamu. Anajua uchafu ni upi na mtu ni yupi.

Mie: Akifika kwa Staa atapata kazi.

Staa: Cheka, Moto Chini. Cheka mapema, maana saa kumi hutakuwa na mdomo.

Profesa: Na sasa zipo mashine. Zinapiga mwanga kama ule wa hospitali wa kuangalia mifupa. Kilichofutika kinarudi. Ukiisafisha zaidi, hata waliokuwa nyuma ya ukuta wanaonekana.

Breki: Nyuma ya ukuta?

Profesa: Ukiisafisha vya kutosha.

Breki: Basi waisafishe mpaka gereji ya marehemu baba. Ilikuwa nyumba ya tatu toka pale. Nataka nimwone aliyeondoka na jeki yetu.

Staa: Nyie leteni mzaha. Mie nilikuwepo.

Profesa: Hakuna anayekataa, braza. Ila wenzetu wa Ulaya wamefika mbali. Siku hizi wanaweza kumwingiza hata mtu ambaye hakuwepo. Wanamkata kwenye picha ya harusi, wanambandika kwenye foleni ya choo.

Breki: Ahaa! Kwa hiyo hata Staa akionekana leo, bado si ushahidi.

Hapo Staa alisimama, kikombe mkononi, kahawa ikamwagikia ubao. Nikaudhika, nikaufuta kwa kitambaa.

Staa: Nani kaenda Ulaya na picha yangu ya harusi? Nani? Mie picha ya harusi sina!

— Huna kwa sababu ulimwambia mpiga picha wewe umeshazoea kamera kubwa.

Tukageuka. Ni Chausiku, mkewe, kasimama kwenye kivuli cha duka, kanga kaifunga kifuani, mikono kaikunja. Hajawahi kuja kijiweni mchana mama yule. Tukasogea, hakukaa.

Chausiku: Nimekuja kuona kwa macho yangu. Miaka kumi na saba ya ndoa nimekula hiyo shikamoo na wali, nimekula na ugali, nimekula mpaka na uji wa futari. Mume wangu, leo usipoonekana, habari hiyo ikome mlangoni kwangu.

Staa: Nitaonekana.

Chausiku: Haya. Watoto nao wanachekwa shuleni, nawe unajua.

 Breki alijikuta anaangalia kashata yake kama hajawahi kuiona.

Kutbuddin akatoka na televisheni, anahema, nikamshikia upande mmoja. Mtu mpole Kutbuddin, kazaliwa mtaa huu huu, baba yake ndiye aliyekuwa anatuuzia mafuta ya taa. Mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi, akaifungua.

Kutbuddin: Sikilizeni, ndugu zangu. Kasha la kanda hii limeandikwa majina ya wale waigizaji tisa, basi. Chini yake wameandika "na wakazi wa Temeke". Sasa jamaa waliosafisha wameniletea barua. Toleo linalofuata wanataka kila mkazi aliyeonekana aandikwe kwa jina lake. Kazi ya kuwatambua wamenipa mie, maana nawajua.

Breki: Majina ya watu wa hapa? Kwenye kasha?

Kutbuddin: Kwenye kasha. Litauzwa Mwanza, litauzwa Mombasa, litauzwa hata Maskati.

Staa: Mie naitwa Marijani. Andika kabisa.

Kutbuddin: Tuone kwanza, kaka.

Watu wakaanza kujaa. Akaja pia binti mmoja mgeni, Sesilia, nesi aliyepanga chumba nyumba ya pili wiki ile ile. Alitaka kuazima kanda, akakuta njia imezibwa, akaomba kukaa. Nikampa kikombe. Hajawahi hata kuisikia hiyo sinema, masikini.

Deki ya video ikameza kanda.

Ee bwana wee! Ilikuwa safi mpaka nikaona aibu, kama mtu aliyepita mbele ya nyumba yake akadhani ni ya tajiri. Ule ua wetu. Ule mpapai ambao sie wengine tuliujua ukiwa kisiki. Ukuta una ufa, na ule ufa upo mpaka leo. Mtu akipepesa jicho unaliona jicho. Breki akamwona baba yake akipita kwa mbali na baiskeli, akasema "Baba", polepole, kisha akasingizia vumbi.

Ukafika ugomvi wa choo. Mpangaji mmoja kashika ufunguo, kidole chake kiko karibu na jicho la mwenzake. Mmoja ana povu la sabuni usoni. Wote tisa wanapiga kelele kwa pamoja. Ndoo ikainuliwa. Hapo ndipo palipokuwa panaruka.

Haikuruka.

Mwisho wa foleni alisimama kijana mwembamba, nywele kama sufuria iliyofunikwa, suruali ya bugaluu inafagia uani. Akaweka ndoo chini. Akainamisha kichwa.

— Shikamoo, bibi.

Kimya. Uani kote kimya. Akapita bibi kizee, kanga kichwani, kikapu cha nazi mkononi. Wa ufunguo, kidole bado kimeelekea jicho la mwenzake, akasema: "Shikamoo, bibi." Wa povu naye, jicho moja wazi: "Shikamoo, bibi." Aliyeinua ndoo akaishusha: "Shikamoo." Mmoja baada ya mwingine, wote tisa, maana ungefanyaje? Bibi anapita, wewe umwache ati kwa sababu kuna kamera?

Bibi akasimama akawaangalia wote.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo?

— Hatujambo.

— Haya, endeleeni.

Akapita zake. Na ndoo ikapanda tena, kidole kikarudi, na ugomvi ukaendelea pale pale ulipoachwa.

Mtaa ulilipuka. Breki alianguka kutoka kwenye benchi, sitanii, alianguka. Profesa alimkumbatia Staa mpaka kofia ikamvuka. Chausiku alikaa chini mwenyewe, mchangani, anacheka na machozi yanamtoka.

Chausiku: Kumbe ulikuwa mzuri hivyo, na mie nilichelewa kukuona!

 Staa alikuwa anamtazama yule kijana.

Kutbuddin akatuambia sababu ya kipande kile kupotea. Sinema ilianzia mikoani kabla ya kufika Dar, na kila ilipoonyeshwa watu walipiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" Mwonyeshaji akairudisha, akairudisha, mpaka ikachanika. Sie huku ikatufikia imeshakatwa.

Profesa: Kwa hiyo iliharibika kwa kupendwa.

Breki: Na kilichopendwa si maneno ya mwandishi. Ni adabu ya Temeke.

Mie sijifichi. Nilijivuna siku hiyo mpaka kifua kikaniuma. Mtaa huu watu wa mjini wakiutaja wanataja vumbi na wezi, na kumbe nchi nzima ilicheka kwa sababu kijana wetu mmoja, mbele ya mashine za watu, hakuweza kumwacha mzee apite bila salamu. Nikamfuata pale alipo.

Mie: Marijani. Nilikudhulumu, ndugu yangu.

Staa: Mbona huniiti Staa?

Mie: Leo nitakuita hivyo kwa heshima.

Kutbuddin akatoa kalamu, akaandika mstari wa kwanza: Marijani. Tukapiga makofi. Wa pili akaandika baba yake Breki, wa baiskeli. Ndipo yule Sesilia, kikombe kitupu mkononi, akauliza kwa upole wa mgeni.

Sesilia: Na yule bibi? Anaitwa nani?

Breki: Bibi? Aa, yule namjua sana. Nyumba ya kona. Alikuwa anatupa maandazi tukitoka madrasa.

Sesilia: Ndiyo, jina lake?

Breki: Si nakwambia... Bibi wa Kona.

Profesa: Mie nimehamia amekwisha kufariki.

Sesilia akanitazama mie. Nilifika mtaa huu mwaka sabini na tisa, nikampelekea kahawa mlangoni miaka mitatu, kila alasiri. "Marahaba, mwanangu, weka hapo." Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake tulipompeleka makaburi ya Chang'ombe. Jina sikuwa nalo. Chausiku akatikisa kichwa. Kutbuddin akajaribu kukumbuka daftari la mafuta ya taa la baba yake. Mlikuwa na neno moja tu, "Bibi".

Tulimwamkia sie sote. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Staa: Kutbu, futa jina langu.

Kutbuddin: Nini?

Staa: Futa hapo juu. Mstari wa kwanza ni wa bibi. Mie utaniandika chini yake, ukishalipata lake.

Chausiku: Marijani! Miaka ishirini umeingoja siku hii!

Staa: Ndiyo, mke wangu. Lakini yeye ni mkubwa. Nitatanguliaje?

Kutbuddin: Na lisipopatikana, kaka? Majina wanayataka Ijumaa.

Staa: Basi na langu lisiandikwe.

Kutbuddin akapitisha kalamu juu ya lile jina, polepole, mstari mmoja tu, ili liendelee kusomeka. Staa akachomekea shati vizuri, akashika njia. Chausiku akajikung'uta mchanga, akamfuata. Tukawasikia mlango wa kwanza, yeye akipiga hodi na mkewe akimalizia kwa kuuliza jina la bibi, kisha wa pili. Sesilia naye akarudisha kikombe akaenda nyuma yao.

Profesa akaninyooshea kikombe chake. Nikamwambia kahawa imekwisha, ainuke, yeye na Breki washike nyumba za upande wa kushoto.