Mama Kipanya na Mlango wa Darasa Lake

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa na mshona nguo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1977 akahitimu kupiga chapa. Babu alitaka awe muuguzi. Mama alisema hawezi kuona damu, na mjadala ukaishia hapo.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika maktaba ya umma. Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za chumba cha magazeti na kuichelewesha kazi makusudi. Walijaliwa watoto watatu.

Maktaba ilipoletewa kompyuta mwaka 2005, yeye ndiye aliyeanzisha darasa la Jumanne la watu ambao hawajawahi kugusa mtandao. Hata alipostaafu aliendelea kufundisha bila mshahara. Waliomwita Mama Kipanya walikuwa na sababu: hakuruhusu mtu amshikie mwanafunzi wake kipanya. Vijana waliowasindikiza wazazi wao aliwafokea, "Mikono mfukoni! Kwani wewe ndiye utakayemwandikia kila siku?"

Siku moja muuza mkaa mmoja alimtumia binti yake aliye ng'ambo barua pepe yake ya kwanza, kisha akagoma kuondoka.

"Mbona hajibu?"

"Huko bado alfajiri, dada yangu. Amelala."

"Basi namsubiri aamke."

Mama akavuta kiti, wakasubiri wote wawili, na mlinzi naye akasubiri na funguo zake.

Februari 2023 uongozi mpya uliamua kwamba usajili wa madarasa yote ufanyike kwenye tovuti tu. Yaani asiyejua mtandao ajisajili mtandaoni ili afundishwe mtandao! Tusifichane, jambo hili lilituudhi na linatuudhi hadi leo. Watu walifika mlangoni, mlinzi akaamriwa awarudishe. Ofisini wakasema hakuna aliyejisajili, kwa hiyo hakuna anayelitaka darasa, wakalifunga. Mama alipigwa danadana ofisi hadi ofisi.

"Asiyejua kuogelea mnamwambia avuke mto ndipo mumwandikishe kuogelea?" aliwauliza.

"Tumekuelewa, mama. Weka malalamiko yako kwenye tovuti."

Mwezi Agosti moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimshauri apunguze hasira. Mama akamuuliza dawa hiyo inauzwa duka gani. Hata wodini alikuwa akiipigia simu maktaba. Tulimsihi aachane nao, akatununia siku nzima. Alifariki dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, darasa likiwa bado limefungwa.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na dada zake wawili. Ameacha pia wanafunzi wake, wale waliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha. Mkurugenzi wa maktaba yupo nasi na ameleta shada la maua. Tumelipokea, bwana mkurugenzi, na tunakushukuru. Keshokutwa ni Jumanne, na watu hawa watakuja kwa miguu yao.

Mama yetu apumzike kwa amani. Sisi bado.